Mama Aliuliza Tuko na Ng'ombe Ngapi

Wacha niandike hii kitu mwenyewe kabla Wuod Alego, boda wangu, amalize kuitembeza Kisumu yote. Leo asubuhi nimepita steji ya Kondele, boda mmoja ambaye simjui hata kwa sura akapunguza mwendo kando yangu akauliza, "Omera, ng'ombe zimekunywa maji?" na wenzake wote wakainamia tangi za pikipiki wakicheka. Nikajua imeshafika. Sasa, wale mmeambiwa nililia, sikulia, ilikuwa pilipili. Wale mmeambiwa niliwekwa jikoni kuparua magamba ndio deni liishe, huo ni uongo mtupu na Wuod Alego anajua. Ya ng'ombe ndio kweli. Hiyo ngojeni nieleze.

Mnamjua yule mtu wangu wa Nakuru, nimeshawaimbia kumhusu mpaka mkachoka. Ndugu zake wawili walikuwa wanapita Kisumu wakielekea Busia, akaniambia tu niwasalimie. Salamu ingetosha na soda. Lakini mimi nani, nikasema mashemeji hawawezi kupita kwa mji wangu na njaa, nikawapeleka Dunga, pale ufuoni kwa vibanda vya samaki. Wao kwa tuktuk, mimi nyuma ya Wuod Alego, ambaye nilimlipa anifikishe arudi kazini, lakini akasema anapumzisha injini kidogo, na hiyo injini ilipumzika mpaka ikaagiza ngege kubwa kuliko ya kila mtu.

Shemeji mkubwa ni mtu wa maneno machache. Anakula samaki polepole, mwiba mmoja mmoja anautoa anaupanga kwa ukingo wa sahani, hakuna haraka. Katikati ya hiyo kazi akaniuliza bila hata kuinua macho, "Na nyumbani, mifugo iko?"

Jameni. Hakuuliza mahari. Hakuuliza idadi. Swali la aina hiyo unajibu "tunashukuru Mungu" na watu wanaendelea na ugali. Mimi nikameza tonge nikasema, "Ziko, ziko. Nane hivi. Na moja inazaa mwezi ujao." Sijui ilitoka wapi. Na juu nilikuwa nimeshaanza, nikaongeza ati hiyo inazaa ni nyekundu, iko na baka jeupe kwa paji la uso. Wuod Alego akaacha kutafuna. Huyu ni mtu amefika kwetu Ugunja, amelala kwetu, anajua vizuri nyasi ya pale kwetu inakatwa na panga.

Shemeji akasema "aah, vizuri," akarudi kwa miiba yake. Mimi nikajiona mwanaume.

Bili ikaja, 3,400. Tili namba ilikuwa imeandikwa kwa ukuta na rangi nyekundu, kubwa, hata ukiwa ndani ya ziwa kwa mashua unaisoma. Nikatoa simu kwa ile madaha ya mtu anayelipa. Sasa hapa lazima niwaeleze hali ya simu yangu. Kioo kilipasuka kitambo, kuna mstari umekatiza pale chini, ukibonyeza 8 wakati mwingine inaandika 0, wakati mwingine haiandiki kitu, wakati mwingine inangoja uache kuibonyeza ndio iandike mbili. Na tangu ile mvua ilinipata Mamboleo, spika ya sikio imekufa. Simu zote napokea kwa laudispika. Fundi aliniambia bei ya kuitengeneza nikamwambia nitarudi. Na mikono nayo nilikuwa nimenawa, ndio, lakini maji ya baridi na mafuta ya ngege hazisikizani, kidole kilikuwa kinateleza juu ya kile kioo bila breki.

Halafu kuna mambo ya PIN yenyewe. Miaka yote PIN yangu ilikuwa 1997, mwaka nilizaliwa, mwaka wa ile mvua ya El Niño. Na nyinyi mnaocheka hapo najua zenu pia ni mwaka wa kuzaliwa, msinidanganye. Tarakimu nne zinaanza 0000 mpaka 9999, ziko elfu kumi, na kati ya hizo zote mtu anachagua ile imeandikwa kwa kitambulisho chake, mwizi akiokota waleti amemaliza kazi. Nilisikia hiyo kwa redio nikiwa kwa matatu, nikaona sawa, nabadilisha hapa hapa. Nikaangalia mbele, kuna gari, nikachukua namba yake. Akili mingi. Lakini namba ya gari hapa Kenya iko na tarakimu tatu na PIN inataka nne, kwa hivyo ile ya nne niliitoa kichwani mwangu. Na huko kichwani ndiko ilirudi. Siikumbuki, wala sikumbuki kama niliiweka mbele au nyuma.

Nikajaribu ya mbele. Imekataa. Nikajaribu ya nyuma. Imekataa. Shemeji mdogo akasema "pole pole tu" na kila mtu anajua mtu akikuambia pole pole ameshaona kuna shida. Ile ya mwisho naapa nilibonyeza vizuri, ni kioo. Imefungwa. Ukikosea mara tatu ndio hivyo, hakuna kubembeleza.

Shemeji mdogo akasema niingize PUK. Nikamwambia PUK ni ya laini, hii ni ya pesa, haviingiliani, na hiyo PUK ni tarakimu nane ukiikosea mara kumi laini yenyewe inakufa kabisa uende kununua ingine. Akasema yeye binamu yake alifanya na ikafunguka. Kila familia iko na huyu binamu.

Basi nikapigia kastama kea. Kwa laudispika. Pale kibandani watu walikuwa wamejaa, ilikuwa Jumapili, na mnajua Jumapili ya Dunga. Ile sauti ya mashine ikaanza, kwa Kiingereza bonyeza hii, kwa Kiswahili bonyeza ile, nikabonyeza, kioo kikabonyeza kitu kingine, nikajikuta kwa mambo ya kununua bando. Nikarudi. Nikafika kwa mambo ya namba ya siri, mashine ikaniambia ili kuendelea tafadhali weka namba yako ya siri. Yaani ndio wanifungulie PIN, niweke PIN. Meza ya jirani mzee mmoja akasema "yawa" kwa huruma.

Muziki wao ukapigwa mpaka mwenye kibanda akapunguza redio yake ndio zisigongane. Hatimaye akaja kijana mmoja na Kiswahili cha taarifa ya habari. "Mteja wetu mpendwa, asante kwa kusubiri. Naomba kujua ninazungumza na nani?" Nikasema jina langu. Kimya. Nasikia anabonyeza kompyuta. Halafu, kwa laudispika, mbele ya mashemeji na mbele ya Dunga yote, "Samahani bwana. Laini hii imesajiliwa kwa jina la mwanamke."

Shemeji mkubwa akainua macho. Mara ya kwanza tangu tukae.

"Mwanamke gani?"

"Ni mama," nikasema.

"Mama nani? Mama watoto?"

Hapo ndio jasho lilianza. Nikaeleza mbio mbio, ni mama yangu, aliyenizaa, hiyo laini nilinunuliwa 2014 nikiwa fomu foo, nilikuwa na miaka kumi na saba sina kitambulisho, na tangu 2010 serikali ilisema kila laini isajiliwe na kitambulisho, kwa hivyo alisajili na yake na sisi tukasahau. Nusu ya watu wanasoma hapa laini zenu ziko kwa jina la mama au mjomba au mtu mliachana naye, kwa hivyo mnielewe. Shemeji hakusema ameelewa. Alisema "hmm."

Kijana wa kastama kea akasema kwa usalama wa akaunti yangu lazima azungumze na mwenye laini. Nikamwambia ngoja hapo hapo usikate. Nikanyakua simu ya Wuod Alego, nikampigia mama, nikaweka laudispika hiyo pia, nikazilaza simu mbili kwa meza zikiangaliana, kati ya chumvi na kichwa cha samaki.

Sasa kuna kitu mnafaa kujua. Mwaka jana mama alipigiwa na mtu, wale matapeli wa simu tunaita wa Kamiti, akaambiwa mtoto wako amepata ajali tuma pesa ya hospitali. Alibaki kidogo atume. Desemba nikaenda nyumbani nikamketisha chini nikampa somo. Mama, namba usiyoijua usiiamini. Mama, mtu akitaja kitambulisho, kata. Mama, hata akisema ni mimi, muulize kitu ambacho mimi peke yangu najua. Nilimrudishia hilo somo mpaka akakasirika akaniambia yeye si mtoto. Nilikuwa mwalimu mzuri sana, wacha niseme tu.

Mama akapokea. Namba ngeni, kwa hivyo akaongea Kiswahili. Namba ngeni anaziongelesha Kiswahili zote.

"Hallo. Nani?"

Mimi sikutaka kupiga kelele, watu walikuwa wananiangalia, nikaongea chini chini, na hiyo pilipili ilikuwa imeshika koo. "Mama ni mimi. Nimepata shida kidogo ya pesa. Kuna mtu wa kampuni hapa anataka namba ya kitambulisho chako."

Jisomeeni hiyo sentensi tena.

"Mwizi wewe," mama akasema, na akakata.

Mzee wa meza ya jirani akaacha kujifanya hasikilizi, akageuza kiti. Kijana wa kastama kea akasema, "Hallo? Mteja, bado upo?" Nikapiga tena. Hii mara nikaongea Kijaluo ndio ajue ni mimi. Akajibu ati hata wezi siku hizi wamejifunza Kijaluo. Nikamwambia mama tafadhali. Nasikia nyuma kuna wamama wengi, alikuwa kwa kikundi chao, na wao wanasema muulize swali, muulize swali, wewe muulize. Naye akakumbuka somo. Nikasikia hata sauti yake imebadilika, imekuwa ya mtu wa ofisi.

"Sawa. Kama wewe ni mtoto wangu, niambie. Kwetu nyumbani tuko na ng'ombe ngapi?"

Nataka muone hiyo meza. Shemeji mkubwa ako na mwiba mkononi, hajauweka kwa ukingo, hajaurudisha, ameushika tu hewani. Shemeji mdogo ameacha kunywa soda lakini chupa iko mdomoni. Yule msichana wa kunawisha watu amesimama na jagi, maji yanamwagika kidogo kidogo kwa beseni, tiii, na hakuna sauti ingine. Wuod Alego amefunika uso na mikono miwili na mabega yanacheza. Na mimi natazama simu mbili. Moja iko na pesa yangu ndani na ile ingine iko na mama.

Nilifikiria kweli kweli. Nikajiambia pengine mama atashika maana. Pengine kwa moyo wa mzazi atasikia niko na wageni wa heshima. Mama huwa anashika vitu.

"Nane," nikasema. Sauti ndogo.

Kimya. Halafu kule Ugunja wamama wote wakapiga kelele mara moja, na mama juu yao wote, "NANE! Mmesikia? Nane! Mwizi mkubwa wewe, nenda ukakamuliwe wewe mwenyewe," akakata.

Kijana wa kastama kea alikohoa. Kikohozi kirefu. Nikasikia ameweka mkono kwa ile maikrofoni yake.

Ningeweza kuachia hapo. Ningeweza kumwambia shemeji nisaidie na bili, tutaongea, na ng'ombe zangu nane zikabaki hai. Nimeifikiria hiyo usiku wote. Lakini ile simu ilikuwa mkononi na kidole kikapiga yenyewe, na mama akapokea na hasira, na kabla afungue mdomo nikasema kwa nguvu, kwa sauti kibanda chote kilisikia mpaka watu wa mashua, "MAMA HATUNA NG'OMBE!"

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Mbuzi?"

"Hata mbuzi."

"Na ile tulikuwa nayo ilienda wapi?"

Akaninyamazia, anangoja. Huyu mwanamke angepewa kazi benki.

"Uliiuza nikienda koleji," nikasema.

"Ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu, mama. Na baka jeupe kwa paji."

Hapo nasikia amepumua. "Ni yeye," akawaambia wamama. "Huyu ni mtoto wangu. Nyathina, umekula?"

Shemeji mkubwa akauweka ule mwiba chini. Aliuweka vizuri tu, kwa laini na ile mingine.

Sasa mngedhani imeisha, mama amekubali, tufungue akaunti twende. Mama akatoa kitambulisho kwa fundo la leso, akasoma namba kwa sauti kubwa mpaka kuna mama mwingine akawa anairudia nyuma yake. Jina sawa. Namba sawa. Kijana akauliza mwaka wa kuzaliwa. Mama akataja. Kijana akasema samahani, hayalingani. Mama akasema unanifundisha siku yangu ya kuzaliwa? Kumbe kile kitambulisho mwaka uliandikwa na karani zamani hizo, alimwangalia tu usoni akakadiria, na mama hajawahi kuukubali huo mwaka, na hangeanza siku hiyo mbele ya kikundi. Wakabishana. Kijana anasema "kwa mujibu wa mfumo wetu," mama anasema huo mfumo ulikuwepo nikizaliwa? Mwisho kijana akasema mwenye laini afike dukani yeye mwenyewe na kitambulisho chake halisi. "Je, kuna jambo lingine ningekusaidia?" Nilisikia ile sauti, alikuwa anajiuma mdomo. Na kabla hata niweke simu chini ikaingia meseji, niwape alama kutoka sifuri mpaka kumi kwa huduma niliyopokea.

Mengine mafupi. Shemeji mkubwa alilipa, PIN yake ikaingia mara moja, hata hakuvaa miwani. Hakusema kitu kuhusu ng'ombe. Alisema "asante kwa samaki," na yeye ndiye amelipa hao samaki, fikirieni hiyo. Wakaenda Busia. Mtu wangu wa Nakuru kufikia jioni alikuwa anajua yote na baka pia, akaniandikia "mooo" tu.

Jana mama akapanda matatu ya asubuhi akaja, tukapanga foleni kwa duka lao pale mjini mpaka miguu ikafa. Msichana wa kaunta akamhudumia vizuri sana, akamfungulia, halafu akampa ile maneno yao, mama, hii namba ya siri usimwambie mtu yeyote, sisi hatuwezi kukuuliza, wala polisi, hata mtoto wako usimwambie. Mama akageuka akaniangalia. Akafunika simu na leso akaweka PIN yake mpya. Nikamwambia sasa tubadilishe laini iingie kwa jina langu, sai niko na kitambulisho, na tuko hapa hapa dukani. Akasema atafikiria. Akaitoa laini kwa simu yangu, akaitia kwa kabambe yake ile ya laini mbili, akauliza matatu za Ugunja zinajazia wapi.

Kwa hivyo sai ukipiga namba yangu anapokea mama. Bosi amepiga, wameongea. Mtu wangu wa Nakuru amepiga leo mchana akidhani ni mimi na wameongea mpaka kredo ya mtu ikaisha, na hakuna kati yao amekubali kuniambia ni nini. Hii naandika na wifi ya kazini. Wale mnanidai, mngoje kidogo. Na wale niko na pesa yangu kwenu, tafadhali, nawaomba, msitume kwa ile namba.